Makao ya watu wenye ulemavu yalipie nusu saa ya kukabidhiana zamu

Mhariri,

Wafadhili wakitembelea makao ya watu wenye ulemavu hupenda kuacha vitu vinavyoonekana: viti mwendo, magodoro, tangi la maji. Vyote vinahitajika. Kinachokosekana katika makao mengi ni kitu kisichopigwa picha, yaani nusu saa ambayo zamu inayotoka na inayoingia ziko kazini pamoja na zote zinalipwa. Ratiba huandikwa saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, saa 9 hadi saa 5 usiku, saa 5 hadi saa 1 asubuhi, bila hata dakika moja ya kupishana. Wa usiku anawahi daladala, wa asubuhi ndiyo kwanza anaingia getini, na habari za watu wote zinaishia mlangoni kwa maneno mawili: "Wote wazima."

Hapo ndipo dawa ya kifafa inapotolewa mara mbili au isitolewe kabisa, kwa sababu kila upande unaamini wenzao wameshatoa. Sahihi iwekwe dawa ikishamezwa, si wakati wa kuipanga kwenye vikombe. Na vidonge vihesabiwe pamoja, maana dawa hizo zikikatika ghafla degedege hurudi kwa nguvu.

Makabidhiano hufanyika kitandani, si ofisini. Msimamizi anapita na pande zote mbili kwa kila mtu, anasalimia, na anaanza kwa kumuuliza mwenyewe ameamkaje na leo anataka nini. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua uhuru wa mtu kujichagulia mambo yake, na uhuru huo huanzia kwenye shati la kuvaa na saa ya kuoga. Asiyeongea ana ishara zake, mhudumu mgeni aoneshwe hapo hapo. Kisha wanapeana mengine: amekula kiasi gani, amekunywa vikombe vingapi, choo alipata lini. Siku 3 bila choo kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo si jambo la kumwachia zamu ijayo.

Ngozi inataka macho zaidi, na mikono pia. Kuhusu vidonda vya kulalia upande mmoja muda mrefu, mafunzo mengi yanasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na kidonda hugundulika kimeshafunguka. Pitisha mgongo wa kiganja juu ya mfupa wa mkia, nyonga, vifundo na visigino. Pakiwa pa moto kuliko pembeni yake, pamekuwa pagumu au pamelegea, au weusi wake umeingia zambarau, mtu huyo asilalie pale tena mpaka patulie. Wala pasichuliwe kwa mafuta, maana kuchua kunaumiza zaidi nyama iliyokwisha kubanwa.

Kuzuia vidonda hivyo, kuna karatasi ya kugeuza watu usiku. Ukiikuta asubuhi ina alama za vema saa 6, saa 8, saa 10 na saa 12, mwandiko uleule, wino uleule, ujue imejazwa kwa mkupuo. Dawa yake ni kuacha alama za vema na kuandika upande: kushoto, kulia, chali. Msimamizi akipita ghafla saa 9 usiku analinganisha karatasi na mtu alivyolala. Lakini kabla ya kumlaumu mhudumu, apige hesabu. Watu 12 wanaohitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2, dakika 5 kila mmoja, ni saa nzima katika kila saa mbili, na bado hajabadilisha nepi hata moja. Akiwa peke yake atamvuta mtu juu ya shuka badala ya kumwinua, na msuguano huo nao unachubua. Hapo tatizo ni ratiba, na mwenye ratiba ni msimamizi.

Saa ya chakula msimamizi awe mezani, makaratasi yasubiri. Mhudumu anayelisha akiwa amesimama humlazimisha anayelishwa kuinua kidevu, koo linafunguka upande wa njia ya hewa, uji unaingia mapafuni. Akae usawa wa macho, mlaji awe wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na asubiri ameze kabla ya kuleta kingine. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuhitaji dakika 40, na anayemharakisha ndiye anayempalia. Sauti ikiwa na majimaji baada ya kula, au vichomi vikijirudia, apelekwe kwa daktari. Baada ya kula abaki wima nusu saa. Ajabu ni kwamba maji matupu humpalia mwenye shida ya kumeza kuliko uji mzito, na ndiyo yanayotolewa bila kufikiri.

Degedege likianza, mtu wa kwanza kufika atazame saa, amlaze ubavu, aondoe vitu vya kumuumiza. Hakuna kijiko mdomoni, hakuna kunusisha kiberiti. Likipita dakika 5, hospitali.

Kwa zamu tatu za saa 8, kupishana nusu saa kunaongeza saa moja na nusu ya mshahara kwa siku kwa kila nafasi. Bodi na wafadhili waiweke kwenye bajeti kwa jina lake. Penye ukata, makao yaanze na msimamizi peke yake: aingie saa 12:30 asubuhi na kutoka saa 8:30 mchana, huku wahudumu wake wakibaki na saa 1 hadi saa 9. Atapita vitandani na wa usiku, atawapokea wa asubuhi, na mshahara hauongezeki hata shilingi.

Msimamizi wa wahudumu,
Morogoro