Mkiandika safari za nje, kumbukeni na nyumba za kijijini za kujipikia

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo nalisubiri kwenye gazeti lenu siku nyingi silioni. Kila mkiandika habari za kwenda nje mnaandika hoteli, nyota ngapi, iko umbali gani na uwanja wa ndege, sasa huku kwetu Mbeya na Njombe wanaoenda Ulaya wengi sio wasafiri wa namna hiyo, ni mama na baba wameitwa na mtoto wao anayefanya kazi kule, wakifika wanataka kutoka mjini kidogo na wajukuu na shemeji na mkwe, ukiwapeleka hoteli ni vyumba vitatu vinne na hakuna hata pa kukorogea uji wa mtoto.

Wenzetu wana nyumba nzima za kukodi kijijini. Ina jiko, friji, masufuria, vitanda, mara nyingi na mashine ya kufulia, mnapewa funguo mnajipikia wenyewe. Bei ni ya nyumba sio ya kichwa, ndio maana familia ya watu saba inaiweza, ila ile idadi iliyoandikwa kwenye mkataba msiizidishe, kule hakuna habari ya mgeni kuja na godoro lake. Nimekaa kwenye nyumba kama hiyo Wales na familia ya mwanangu, tulipika ugali, tulikaa mezani mpaka usiku bila mtu kutuambia muda wa chakula umeisha, na mzee wangu aliyekuwa kimya kabisa mjini kule alianza kuongea, kila asubuhi anasimama kwenye uzio anaangalia kondoo na ukungu kama yuko Makete. Hilo kwangu ndio likizo.

Lakini kuna mambo lazima mtu aambiwe kabla hajalipa, na hapo ndipo gazeti lingesaidia watu.

Kwanza viza. Uingereza wenyewe wanashauri usilipie safari kabla viza haijatoka, lakini nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, kama Ufaransa, zinataka uonyeshe utalala wapi na uwe na bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000, kwa hiyo ukienda huko tafuta nyumba ambayo ukikataliwa viza unarudishiwa hela, na uwe na maandishi ya hilo, sio maneno ya kwenye simu. Pili matapeli. Wapo wanaochukua picha za nyumba ya mtu mwingine wanaitangaza kwa bei rahisi halafu wanakuambia utume hela moja kwa moja benki, ukifika hakuna nyumba au ina watu wengine kabisa. Mtoto aliyeko Uingereza bora alipe kwa kadi ya mkopo, kule kuna sheria ya mwaka 1974 inayoibana na benki pia ukilipia kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000 halafu usikipate, ilimradi umlipe mwenye huduma mwenyewe. Na kama nyumba iko Scotland, tangu 2023 wanaopangisha hivi wanatakiwa wawe na leseni na namba yake iwe kwenye tangazo, kwa hiyo usipoiona namba uliza, na asipojibu achana naye.

Halafu maisha ya humo ndani. Wakati wa likizo za shule nyumba nyingi zinakodishwa wiki nzima, Jumamosi kwa Jumamosi au Ijumaa kwa Ijumaa, mnaingia jioni, siku ya kutoka saa nne asubuhi muwe mmeshatoka na vyombo mmeosha, maana kuna dipoziti. Ulizeni kama mashuka na mataulo yamo, ulizeni kuni au joto la nyumba ni bei gani nyingine, nyumba za mawe zile zina baridi hata Agosti. Duka linaweza kuwa mbali na Jumapili mabasi hakuna, na kwa England na Wales hata maduka makubwa Jumapili yanafunguliwa kwa muda wa masaa sita tu, kwa hiyo unga, mchele na nyama mnunue mjini kabla hamjaenda. Nyama na maziwa kutoka nyumbani msibebe kabisa, mpakani vinachukuliwa. Jiko nalo muulize ni la aina gani, kuna yale ya kioo ya sumaku, sufuria letu la alumini halipati moto hata ufanyeje, na mkikaanga samaki fungueni dirisha maana kengele ya moshi inalia nyumba nzima. Mafuta ya kupikia msimwage kwenye sinki, nyumba nyingi za vijijini zinatumia shimo kama zetu tu.

Kingine kilichonigusa ni kwamba Ufaransa haya mambo yalianza kwa ajili ya wakulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walikuwa wanakimbilia mijini na nyumba za zamani zinabomoka, basi wakasaidiwa kuzitengeneza wazipangishe kwa watu wa mjini, ya kwanza ikafunguliwa 1951 na shirikisho lao, Gîtes de France, likaundwa 1955, mpaka leo nyumba zinapangwa madaraja kwa masuke ya ngano badala ya nyota. Nikiangalia nyumba nzuri zilizofungwa Tukuyu na Mufindi, wenyewe wako Dar wanakuja Krismasi tu, naona kabisa mgeni wa kwenda Kitulo au Ziwa Ngosi angekaa humo akapika ndizi zake na hela ikabaki kijijini. Hilo nalo mliandikie siku moja, ila leo naombea wanaosafiri.

Na makala hiyo Mhariri itoke mwezi wa kwanza au wa pili. Shule za England na Wales zinafunga mwishoni mwa Julai mpaka Agosti yote, nyumba nzuri zenye vyumba vingi zinawahiwa mapema sana na bei ndio inapanda, mtu akisoma Juni na viza bado hajaomba, haitamsaidia kitu.

Msomaji wenu,
Tukuyu, Mbeya