Kijana akitimiza miaka 18, makao yasimfungie geti

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwasemee vijana wanaotoka kwenye makao ya watoto na familia za malezi, hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha. Mimi ni fundi cherehani wa Pasua. Pamoja na kushona nafundisha kazi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiletewa mabinti na wavulana waliokulia makao, wakishamaliza kidato cha nne. Ninayoyaona yananiuma.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Ni sheria nzuri na imewalinda wengi. Tabu inaanza umri huo ukishatimia. Mtoto aliye kwao akifikisha 18 haambiwi afungashe. Akikosa kazi anarudi nyumbani, akiugua anarudi, hata akikosea anagombezwa usiku kucha na bado analala ndani. Aliyelelewa makao anapewa begi, godoro, pengine na nauli, anaombewa dua, basi. Na mara nyingi umri huo unamkuta bado yuko shuleni. Serikali imefuta ada hadi kidato cha sita tangu 2022, jambo la kushukuru sana, lakini kufutiwa ada hakumpi mtu pa kulala. Bweni likifungwa Desemba, wakati barabara zote za kupanda mlimani zimejaa magari ya watu wanaorudi vihambani kwao, huyu anakwenda kwa nani?

Nilimpokea binti mmoja, msikivu, mwenye mkono mwepesi kwenye cherehani. Tukampatia chumba jirani. Wiki ya kwanza alipika sufuria ya wali wa kulisha ukoo mzima, akabaki anautazama. Kule alikokulia zamu ya jikoni ilikuwa ya kupikia watoto zaidi ya arobaini, hakuwahi kupima mchele wa mtu mmoja. Hakujua kununua umeme wa LUKU. Hakujua kupatana bei soko la Mbuyuni, wala kwamba mwenye nyumba akidai kodi ya miezi sita unaweza kumbembeleza akapokea ya mitatu. Hayo yanafundishika, na aliyashika upesi. Kilichotushinda kwa muda mrefu ni karatasi.

Ukiomba kitambulisho cha taifa unatakiwa uwe na cheti cha kuzaliwa, uwe na barua ya serikali ya mtaa, na utaje wazazi wako. Mikoa yetu miwili iko mpakani, Holili huku na Namanga kule, kwa hiyo Uhamiaji nao wanauliza kwa makini, na ni haki yao. Lakini aliyeokotwa akiwa mchanga atajibu nini? Nilikuwa nimesimama naye alipoulizwa babu yake alizaliwa kijiji gani. Akanyamaza, kisha akanigeukia mimi, kana kwamba huenda ninajua.

Bila namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, hapati TIN, na benki ni usumbufu mtupu. Mvulana anayetaka kuendesha bodaboda anakwama hata akishapata leseni, maana tajiri wa pikipiki anataka mdhamini. Wengine tunaita mjomba au shangazi mambo yakaisha. Yeye hana wa kumwita.

Kwa hiyo ombi langu kwa maafisa ustawi wa jamii wa Moshi na Arusha, na kwa wanaoendesha makao, ni moja: mtoto asitolewe getini kabla hajawa na karatasi zake zote mkononi na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina, atakayepokea simu yake. Silitoi kichwani mwangu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, wa mwaka 2009, unataka maandalizi ya kuondoka yaanze mapema, na kila inapowezekana kila mtoto awe na mtu maalumu wa kumsaidia kujitegemea. Kule England kijana aliyelelewa na serikali ana haki ya kuwa na mshauri wake hadi miaka 25, na tangu sheria ya 2014 anaweza kubaki na familia iliyomlea hadi miaka 21 wote wakiridhia. Najua hatuna fedha zao. Ila mtu wa kupokea simu hahitaji fungu la bajeti.

Palipo na fedha ni kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo kila halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Vijana wangu nao ni vijana. Lakini mkopo ule hupitia kwenye kikundi, na kikundi ni watu wanaofahamiana mtaani. Aliyehamia mwezi jana hana kikundi. Maafisa maendeleo ya jamii wawafuate hukohuko makao, wawaunganishe kabla hawajatawanyika.

Niseme na wafadhili pia, kwa heshima, maana bila wao makao mengi yasingekuwepo. Wageni wakifika hubeba watoto wadogo na kupiga nao picha, huku yule wa miaka 17 amesimama nyuma anafua. Anayetaka kusaidia amlipie huyo ada ya VETA na kodi ya mwaka wa kwanza.

Na kwetu sisi wa mitaani: mafundi wenzangu wa Pasua, Njoro na Majengo, na nyie wa Sombetini na Kijenge, kila mmoja achukue kijana mmoja na kumdhamini. Wenye nyumba, wapokeeni kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja hadi wasimame. Na cheti cha kuzaliwa kianze kushughulikiwa mtoto akiwa kidato cha kwanza, si wiki ya kufungasha.

Fundi cherehani,
Pasua, Moshi