Bao la Baba linakuja Toronto

Michenzani, Unguja
Mwezi wa Aprili

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Hujambo? Shemeji hajambo? Na watoto je, yule mdogo meno yameshatoka yote? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Masika yameingia, nguo hazikauki, ngazi za jumba zinateleza, hayo ndiyo makubwa yetu. Mama yako nilimpitia Alhamisi. Goti bado linamsumbua lakini karata hajaziacha. Nilimkuta na wenziwe mkekani, wahed wasitini imepamba moto, hata salamu yangu aliiitikia bila ya kuinua macho. Kasema usimtumie tena ile dawa ya kupaka, inanuka nyumba nzima. Halafu akaniuliza mara mbili kama umenenepa.

Salamu zimekwisha. Sasa nikwambie kwa nini nakuandikia barua badala ya kukurushia voisi kama kawaida yetu. Nataka uende ukamtazame mdogo wangu.

Usishtuke, hakuna habari mbaya iliyotufikia. Ni moyo wangu tu hautulii. Tangu kabla ya Ramadhani simu zake zimekuwa fupi. Kamera hafungui. Ukimuuliza anasema mtandao mbaya, ukimwambia basi sogea dirishani, anasema anatoka, ana zamu. Usiku wa kuamkia Idi akatuma pesa, nyingi kuliko kawaida yake, na maneno matatu: "Idi Mubarak nyote." Sikukuu mosi tukangoja simu. Bokoboko limeiva, watoto wameshapewa mkono wa Idi na wanalia wapelekwe Mnazi Mmoja, na Baba kakaa kwenye kiti chake cha ukumbini, simu iko mapajani, kanzu hajaivua. Sikukuu pili vile vile. Baba hakusema kitu mpaka tulipokuwa tunatoa vyombo, ndipo akaniambia, "Pesa yake nimeiona. Yeye mwenyewe je?"

Wamjua Baba, si mtu wa kulalamika. Neno lile limenikaa hapa kifuani mpaka leo.

Na wale wawili hawajui kuzungumza kwa simu, hilo nalo unalijua. Shikamoo Baba. Marahaba, hujambo? Sijambo. Kazi? Nzuri. Baridi? Ipo. Haya, ongea na mama yako. Dakika haijesha! Mama ndiye anayebaki na maswali ya umekula nini, unalala saa ngapi, mbona sauti imekauka, na mtoto wa kiume wa umri ule hatamwambia mama yake kitu cha kumtia wasiwasi. Mimi najua, kwa sababu kila jambo zito la maisha yake alimwambia Baba, na kila moja alimwambia mbele ya bao.

Nnakumbuka walivyokuwa wakikaa pale chini baada ya alasiri. Alianzia bao la kujifunza, lile la kete mbili mbili kila shimo, halafu Baba akamvusha kwenye bao la Kiswahili lenyewe, na miaka mizima akawa anamfunga mkononi, yaani mtoto hajamaliza hata kunamua, kuzitia bao kete za mkononi, bao limekwisha. Hakumhurumia hata siku moja. Lakini hapo ndipo alipomwambia kuwa mtihani wa hesabu umemshinda. Hapo ndipo alipomwambia habari ya yule msichana wa Kikwajuni. Na siku viza ilipotoka nilikuwa nimewapelekea kahawa, nikasikia kwa masikio yangu. Mdogo wangu kainamia mashimo, kasema, "Baba, Kanada wamenikubalia." Baba alikuwa na kete mkononi. Akazisambaza moja moja mpaka mwisho, akala shimo, akasambaza tena, akalaza. Kisha akauliza, "Lini?" Basi wakaendelea kucheza na kuzungumza mpaka adhana ya magharibi, nauli, makaazi, nani atampokea, yote yalipangwa pale.

Tangu aondoke, Baba anashuka barazani kunywa kahawa tu. Wazee wanamwita, yeye anasema macho hayaoni vizuri. Macho gani! Sindano anatia uzi mwenyewe. Bao lilikuwa juu ya kabati, limefungwa kwa shuka, na Mama alikuwa akilipangusa vumbi bila ya kulifungua.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Juzi baada ya chakula cha usiku nikaliteremsha, nijaribu kama bao laweza kuchezwa kwa simu. Baba nikamuweka ukumbini nalo, mwanangu mkubwa nikamtia chumbani na lile bao jengine, lile jepesi lililopasuka ubavu, mlango nikaufunga, na kila mmoja nikampa simu. Mashimo nikayaandika namba kwa chaki, 1 mpaka 8, shimo la 3 la Baba litazamane na la 3 la mjukuu. Kila mmoja ana bao lake kamili mbele yake, anacheza zamu yake kisha anamchezea na mwenziwe.

Namba hazikuleta taabu. Taabu ililetwa na kulia na kushoto. Ukila kete za mwenzio lazima uzisambaze kuanzia kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, na kuna kichwa cha kulia na cha kushoto, na kulia kwa Baba ndiko kushoto kwa aliyekaa mbele yake. Mtoto akaenda kinyume, Baba akaenda kwake, baada ya zamu chache mabao mawili hayafanani tena. Baba akakasirika, "Bao halichezwi kwa mdomo!" Akaondoka kwenda kusali Isha. Nikasema basi, mambo yameishia hapo. Nikaanza kukusanya kete.

Aliporudi, koti hajalivua, akanikataza nisizikusanye. Akagonga kichwa kimoja kwa kidole, akasema huku ni Malindi. Akagonga cha pili, huku Mnazi Mmoja. Safu ya mbele barazani, ya nyuma uani. "Nikisema nala tatu, natia Malindi, mtu wa Unguja atapoteaje?" Na kweli, shoga, hawakupotea tena! Wallahi nilisimama katikati ya ukumbi na chumba nikawa nawasikia wote wawili. Baba anapiga kelele kwenye simu, "Nyumba hiyo naivunja, toa watoto nje!" na mtoto anacheka mpaka anashindwa kusema namba ya shimo lake. Akafungwa mkononi, bila shaka. Lakini kati ya kete na kete Baba alimweleza habari za ujana wake bandarini ambazo hata mimi sijawahi kuzisikia. Mama alikuja akakaa mlangoni na chai yake, hakusema neno, chai ikapoa.

Tatizo moja lilibaki. Mwishoni tulihesabu kete za chumbani tukapata 63. Moja ilikuwa imebingirika chini ya kitanda tangu mwanzo, na bao zima likawa halina hesabu. Kwa hivyo kila baada ya zamu kadhaa mmoja apige picha bao lake ampelekee mwenziwe. Mdogo wangu atalielewa hilo mara moja.

Basi hii ndiyo haja yangu. Mama Zuhura anakuja huko kwa mwanawe, kajaaliwa mjukuu mwengine, mashaallah. Nimemuomba amchukulie bao. Nilitaka kununua jipya, Baba akakataa, kasema mpelekee hili hili la mninga, limezoea mkono wake, yeye atachezea lile bovu. Tumelipima, ni zito, na sanduku halitakiwi kuzidi kilo 23, na Mama Zuhura halua yake na viungo vyake hakubali kupunguza hata kidogo. Kwa hivyo ile mbuzi ya kukunia nazi uliyomuagiza mama yako imebidi isubiri msafiri mwengine. Utanisamehe. Mama yako kanuna kidogo, lakini nilipomwambia ni ya nani nafasi ile, akaitoa mwenyewe sandukuni.

Kete hazimo. Mama Zuhura kasema mbegu za mimea lazima zitangazwe uwanja wa ndege huko kwenu, na yeye ana ya kutosha ya kutangaza. Watafutie gololi 64, duka lolote la vitu vya watoto zitakuwapo. Ukipata za rangi moja ni bora, Baba hapendi bao la madoadoa.

Saa nimeshazipiga hesabu. Jumapili, saa kumi na moja alasiri ya huku, kwenu itakuwa saa nne asubuhi. Baba ameshasali alasiri, magharibi bado, na mdogo wangu Jumapili haendi bohari. Bao lisipokwisha waliache kama lilivyo mpaka Jumapili ya pili, na huku nitahakikisha hakuna mtoto wa kuligusa. Novemba mkirudisha saa zenu nyuma itakuwa saa tatu kwake, hapo ataona uvivu, lakini tutafika tuone.

Nakuomba lakini usimpigie simu ukamwambia njoo uchukue mzigo wako. Atasema sawa dada, nitakuja, na hatakuja. Nenda wewe na shemeji mpaka mlangoni kwake. Wewe ni dada yake pia, ulimpeleka skuli kwa mkono siku mimi nilipokuwa na surua, hawezi kukufungia mlango. Mwambie umeleta amana ya Baba na umeambiwa uikabidhi mkononi. Ingia ndani. Tazama kama ana chakula, kama analala kitandani au sakafuni. Mtazame usoni. Binamu yake wa Scarborough anasema hajamuona tangu theluji ilipoanza, na hao walikuwa hawapitwi na wiki bila ya kuonana. Nilidhani wamegombana, yeye anasema hapana, hapokei simu tu. Na zile pesa nyingi za Idi, shoga, mimi badala ya kunifurahisha zimenitisha. Mtu anayetuma nyingi namna ile anakula nini mwenyewe? Au anafanya kazi zamu mbili? Au ndiyo namna yake ya kusema msiniulize kitu?

Tulivyokuwa wadogo mimi na wewe tukicheza mdako pale ngazini, yeye alikuwa akituibia vijiwe ili tumkimbize. Akitaka kutazamwa alijua namna ya kujitafutia. Sasa hivi hataki kutazamwa, na hicho ndicho kinachonikosesha usingizi.

Ukimkuta hana neno, ni uchovu tu na baridi na upweke wa kawaida, basi mtandikie lile bao mezani, mpigie Baba, halafu wewe na shemeji mkae jikoni mnywe chai, msiwasaidie. Usimwambie Baba aulize hili au lile. Wataanza na shimo la tano na Malindi, na yaliyomo moyoni yatatoka yenyewe, leo au Jumapili ijayo. Ukimkuta na neno zito, ugonjwa au deni au chochote, nambie mimi kwanza, hata iwe usiku wa manane huku. Mama nitamwambia mwenyewe kwa wakati wake. Usinifiche, tafadhali. Nakujua unavyopenda kunipunguzia uzito.

Mimi mwenyewe sijambo. Kazini ni yale yale. Mume wangu anakusalimu, anasema timu yako imefungwa tena na yeye ameshalisahau lile deni la soda. Mdogo wa kike kaanza kusoma juzuu, sauti yake nzuri, ukija utamsikia.

Haya, nijibu. Kutoka kwako mpaka kwake ni mbali kiasi gani, na Jumamosi shemeji ana gari? Nambari yake ya mlango unayo au nikutumie tena? Gololi ukizikosa utatumia nini, maharage makavu yatafaa? Una mtu wa kumpokea Mama Zuhura uwanja wa ndege pamoja na mwanawe, maana masanduku ni mengi? Na wewe mwenyewe, mbona umekonda kwenye ile picha, unakula? Lini unakuja? Mwaka jana ulisema mwaka huu, sasa mwaka huu ndio huu. Nimwambie nini mama yako?

Nataka jibu kabla ya Ijumaa, Mama Zuhura anafunga masanduku siku hiyo baada ya sala, na kama kuna kitu chengine cha kutia lazima nijue mapema. Ila mbuzi usiitaje.

Wasalaam,
Ni mimi shoga yako wa Michenzani