Ukaguzi wa kambare: wenye mabwawa Nyando na Seme, Kisumu

Wanakikundi, kambare kupanda juu kuvuta hewa si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Shtukeni akining'inia wima, kichwa juu, na chakula hataki. Vueni kama 10, mkague tumbo lililovimba, vidonda vyekundu na matamvua (anayopumulia majini): mazima ni mekundu, yakipauka au kujaa ute kuna shida. Simamisheni chakula siku hiyo, badilisheni theluthi ya maji. Mara nyingi chanzo ni chakula kilichooza chini. Mkiona ukungu kama pamba mwilini, mtieni kwenye beseni la maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita ya maji, dakika 10. Akipinduka humo, mtoeni mara moja. Antibiotiki za kubahatisha hapana, mwiteni afisa wa uvuvi. Waliokufa wazikwe na chokaa. Na nyavu msiazimane, hata na shemeji, zisije zikasambaza ugonjwa.