Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: maji ya chaza yapimwe kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Tunaomba kwamba kabla vyelezo vya chaza havijaongezwa Fumba, Bweleo na kwengineko katika Ghuba ya Menai, iwepo ratiba ya kupima maji. Chaza halishwi. Hujichujia mwenyewe planktoni, yaani viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na kilichomo majini humwingia. Nasi humla mzima, na tumbo lake.

Hatari ni mbili, na dawa zake ni mbalimbali.

Ya kwanza ni kinyesi. Mvua kubwa ya masika hukokota uchafu wa vyoo na mifugo hadi pwani. Chumvi ikishuka ghafla chaza hufunga magamba, na akiwa amefunga hajisafishi. Ulaya, kipimo cha msingi cha chaza anayeuzwa moja kwa moja ni bakteria 230 wa E. koli, wanaotoka kwenye kinyesi, katika gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya gamba. Akizidi hapo hadi 4,600, hupitishwa kwanza kwenye tangi la maji ya bahari yanayozunguka na kupigwa miale ya UV inayoua bakteria; Uingereza desturi ni saa 42. Asirundikwe, na maji yasitibuliwe, maana uchafu aliokwisha kuutoa ataumeza tena.

Ya pili ndiyo inayotutia hofu zaidi: sumu ya planktoni wenyewe. Planktoni aitwaye Alexandrium hutoa sumu ya saksitoksini, inayotia ganzi midomo na vidole, na ikizidi hupoozesha misuli ya kupumulia. Kuchemsha hakuiondoi. Saa 42 za tangi hazitoshi kuitoa. Wala tusingoje bahari igeuke nyekundu: maji huweza kuonekana safi kabisa na chaza akawa na sumu. Kikomo cha sumu hiyo ni mikrogramu 800 kwa kilo ya nyama.

Upimaji wenyewe hautaki meli. Kila wiki ngalawa ifike kwenye vyelezo vilevile, maji yakiwa katika hali ileile ya kujaa au kupwa. Maji yatekwe kwa mpira mrefu unaoshushwa toka juu hadi karibu na chini, si kwa ndoo, kwa kuwa planktoni wengine hujikusanya kwenye tabaka jembamba la katikati. Itiwe iodini ya Lugol, inayohifadhi planktoni wasiharibike, hadi yapate rangi ya chai ya rangi nyepesi, yaachwe yatuame siku nzima, ndipo yahesabiwe kwa hadubini. Joto na chumvi viandikwe papo hapo. Wavu wa matundu ya mikroni 20 husaidia kutambua aina tu. Idadi itoke kwenye maji yaliyotekwa kwa mpira. Nyama ya chaza nayo ipelekwe maabara, kwani hesabu ya planktoni ni onyo, haisemi sumu imefika kiasi gani.

Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Buyu, si mbali na Fumba. Ipewe vifaa na fungu la kudumu. Matokeo yakizidi kikomo, uvunaji ufungwe siku hiyohiyo kupitia kwa masheha, na usifunguliwe mpaka vipimo viwili mfululizo vya nyama viwe salama.

Masika huanza Machi. Sampuli zianze Januari, ili tujue maji yalivyo kabla ya mvua.

Wako katika kazi,
Wafugaji wa chaza, Unguja