Feni nyingi si dawa ya kwanza ya joto la kadi ya michoro

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo linalowasumbua wengi wanaocheza gemu kwenye kompyuta, nalo ni joto la kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha za skrini. Kila suala hili linapojitokeza, ushauri unaotolewa ni ule ule: ongeza feni, nunua kasha kubwa zaidi, au hamia kwenye mfumo wa kupoza kwa maji. Mimi ni fundi wa kompyuta, na mashine ninazoletewa kwa malalamiko ya joto zimenithibitishia kwamba ushauri huo unaanzia mwisho. Kabla ya kutafuta njia ya kulitoa joto, yafaa kwanza kuuliza kwa nini linazalishwa kwa wingi kiasi hicho.

Takriban umeme wote unaoingia katika kadi hugeuka kuwa joto. Kadi ya RTX 3080 ya kampuni ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2020, imepangiwa wati 320, na RTX 4090 ya mwaka 2022 imepangiwa wati 450. Kipoza, kiwe cha feni au cha maji, hakipunguzi wati hizo kwa kiasi cha maana. Kazi yake ni kulihamisha joto kutoka kwenye chipu na kulimwaga hewani, na hewa hiyo ndiyo ya chumba alimoketi mchezaji. Ndiyo maana mtu aliyegharimia mfumo wa maji huweza kuona namba za kupendeza kwenye skrini huku chumba chake kikibaki na fukuto lile lile.

Sasa, wati hizo si amri isiyobadilika. Watengenezaji huisukuma chipu hadi karibu na kilele cha uwezo wake ili ifanye vizuri katika majaribio ya kasi, na ile asilimia ndogo ya mwisho ya kasi ndiyo inayokula umeme kupita kiasi, kwa kuwa kasi ikipanda, volti nazo hulazimika kupanda, na umeme unaotumiwa na transista, yaani swichi ndogo mno zilizomo ndani ya chipu, katika kuwaka na kuzima huongezeka kwa kadiri ya mraba wa volti. Volti zikishushwa kwa asilimia 10 bila kubadili kasi, matumizi hayo hupungua kwa takriban asilimia 19. Programu ya MSI Afterburner, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hata kwa kadi za kampuni nyingine, ina sehemu ya kuweka kikomo cha umeme. Kikomo hicho kikishushwa hadi asilimia 80, kadi nyingi kubwa hupoteza sehemu ndogo tu ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, feni zake hutulia, na joto hushuka kwa kiasi ambacho feni ya nyongeza haiwezi kukifikia. Kushusha volti zenyewe kunahitaji subira zaidi, kwa sababu zikishuka mno gemu hujifunga ghafla au skrini huganda. Hilo likitokea, hupandishwa kidogo na kujaribiwa upya.

Kuna hatua nyingine rahisi zaidi, ambayo nashangaa inavyosahaulika: kuweka kikomo cha fremu. Skrini ya hezi 60 haiwezi kuonyesha picha kamili zaidi ya 60 kwa sekunde, lakini kadi isiyowekewa kikomo cha fremu inaweza kuchora 200 au zaidi, hata pale mchezaji anapokuwa ameacha menyu ya gemu wazi na kuondoka. Wanaocheza kwa mashindano wana sababu ya kutaka fremu nyingi kuliko skrini inavyoonyesha, kwani huharakisha mwitikio wa vidole vyao, na siwapingi. Wengine wote wanalipia umeme wa picha wasizoziona.

Jambo la pili ni namna ya kusoma namba zenyewe. Kadi inayofanya kazi kwa nguvu ikiwa na nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi haiumwi. RTX 3080, kwa mfano, imewekewa ukomo wa nyuzi 93, na kadi hupunguza kasi yenyewe inapokaribia hatari. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni tofauti kati ya joto la jumla la chipu na joto la ile sehemu yake iliyo moto kuliko zote, ambayo programu za HWiNFO na GPU-Z huionyesha katika kadi nyingi. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 ni ya kawaida. Ikipita 25, mara nyingi pesti ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya chipu na kipoza, imekauka au kusukumwa pembeni, au kipoza hakijakaa sawasawa. Mwanzoni mwa mwaka 2023, kampuni ya AMD ilikiri kwamba baadhi ya kadi zake za RX 7900 XTX zilikuwa na kipoza cha feni ambacho maji kidogo yanayofungiwa ndani yake ili kusambaza joto hayakutosha, na sehemu hiyo ya chipu ilikuwa ikifika nyuzi 110. Hakuna feni ya kasha ambayo ingetibu kasoro ya namna hiyo.

Sisemi kwamba feni hazina kazi. Kadi nyingi za siku hizi humwaga hewa yake ya moto ndani ya kasha, na kasha lililozibwa kwa kioo upande wa mbele huifanya kadi ivute tena hewa ile ile iliyokwisha kuitoa. Kipimo chake hakigharimu chochote: kifungue kifuniko cha ubavuni, ucheze gemu ile ile, kisha ulinganishe joto. Likishuka kwa nyuzi kadhaa, njia ya hewa ndiyo yenye kasoro, na hapo feni ya mbele au kasha lenye matundu ni matumizi ya haki. Lisiposhuka, fedha hizo zibaki mfukoni. Vumbi nalo liondolewe mara kwa mara mashine ikiwa imezimwa, na mapanga ya feni yashikiliwe kwa kidole wakati wa kupuliza, maana yakizungushwa kwa upepo mkali beringi huharibika.

Ombi langu kwa gazeti hili ni moja, lenye sehemu mbili. Waandishi wenu wanapopima kompyuta za gemu, tafadhali wachapishe joto la chumba na kasi ya feni sambamba na joto la kadi, kwa sababu kadi yenye nyuzi 72 katika chumba cha nyuzi 20 itakaribia 84 katika chumba cha nyuzi 32, feni zikizunguka kwa kasi ile ile. Vilevile wapime mara mbili: mara moja kadi ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na mara ya pili ikiwa na kikomo cha umeme cha asilimia 80, kisha watueleze ni fremu ngapi zimepotea na nyuzi ngapi zimepungua.

Wako katika usomaji,
Fundi wa kompyuta