Wekundu wa choya haugeuki damu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linalowadhuru wajawazito wetu, Unguja na Pemba. Mama akipimwa kliniki akaambiwa damu yake ndogo, nyumbani huchemshiwa choya na kusagiwa bitiruti asubuhi na jioni, na vidonge vya chuma alivyopewa hubaki kwenye mfuko. Wanaomhudumia wanampenda na nia yao ni njema. Lakini wiki zinakwenda, na mtoto tumboni hasubiri.

Wekundu wa choya ni rangi ya mmea basi. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, protini iliyojaa ndani ya chembe nyekundu, na kila himoglobini moja imebeba atomu 4 za madini ya chuma. Chuma ndicho kinachoshika oksijeni kwenye mapafu. Chembe hizo hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, kiasi cha milioni 2 kila sekunde, huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa kwenye wengu na ini, na chuma chake kikarudishwa kutumika upya. Ndiyo maana mtu mzima asiyepoteza damu huhitaji kufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Mimba moja, kwa ujumla wake, hutaka takriban miligramu 1,000. Chuma kilichomo kwenye bilauri ya choya ni kidogo mno kwa deni hilo.

Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma miligramu 65 hivi, na utumbo hufyonza sehemu tu ya hizo. Kwa hiyo namna ya kukinywa ina uzito mkubwa, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, na kahawa, hukamata chuma tumboni kikatoka na choo bila kuingia mwilini. Anayemeza kidonge kwa chai ya asubuhi na boflo anapoteza sehemu kubwa ya dawa. Anywe kwa maji, au maji ya chungwa au ndimu, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, kisha akae saa moja hadi mbili kabla ya chai. Dawa za kiungulia nazo, ambazo wajawazito wengi hutumia, zitenganishwe na kidonge kwa saa kadhaa. Kikimtia kichefuchefu, akinywe usiku wakati wa kulala, hata kama ni baada ya chakula. Ufyonzaji utapungua kidogo, lakini ni bora kuliko kuacha. Choo kuwa cheusi si ugonjwa, ni chuma kilichobaki. Na vidonge viwekwe juu, vifungwe: mtoto mdogo huvidhania peremende, na vichache tu vinaweza kumuua.

Damu ikianza kupanda, kwa kawaida himoglobini huongezeka gramu 1 hivi kwa desilita ya damu katika wiki 2 hadi 4. Wengi huacha hapo. Akiba ya mwili bado tupu, hivyo mama aendelee kunywa vidonge kwa miezi 3 hivi baada ya kipimo kuwa sawa.

Kwa chakula, dagaa, nyama, na kombe na chaza wanaookotwa pwani maji yakikupwa wana chuma kinachofyonzwa vizuri kuliko cha mchicha. Mchicha ukamuliwe ndimu.

Kuna kinachovuja pia. Minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo za asiyevaa viatu, ikafika kwenye utumbo, ikang'ata na kutoa kitu kinachozuia damu kuganda. Mnyoo mmoja wa aina kubwa unaweza kumpotezea mtu mililita 0.2 kwa siku. Minyoo 100 ni mililita 20, na chuma kinachotoka kinazidi mara kadhaa kile kinachoingia. Dozi moja ya albendazoli ya miligramu 400 hutolewa kliniki, isipokuwa katika miezi 3 ya mwanzo ya mimba. Anayekojoa damu apimwe kichocho.

Wapo wasemao, "Mbona natembea, naingia shamba?" Ni kwa sababu moyo unalipa pengo hilo. Moyo uliopumzika husukuma lita 5 hivi kwa dakika. Damu ikipungua nguvu, hupiga haraka zaidi na kusukuma zaidi kila pigo. Mapigo ya kasi na kuhema kwenye ngazi ndiyo dalili zake. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mjamzito ana upungufu. Chini ya 7 moyo unaweza kuelemewa, na damu itakayomtoka wakati wa kujifungua, hata isiyokuwa nyingi, inaweza kumwua. Weupe wa kope hautoshi kujua, apimwe. Na kwa wenzangu tunaopima: tone la kwanza lifutwe, kidole kisikamuliwe, maana majimaji ya nyama huchanganyika na damu na kushusha kipimo.

Mwenye sikoseli asijianzishie vidonge vya chuma. Chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu kwa kuwa zinavunjika, na mara nyingi chuma anacho, pengine kimezidi ikiwa ameongezewa damu mara nyingi. Yeye aanze kwa daktari.

Fundi wa maabara,
Chake Chake, Pemba